Mashine Imepata Ngapi? Uhakiki wa Namna ya Kusahihisha Mashine Zinazojibu Maswali

Utangulizi

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu mijadala ya riwaya, tamthiliya na ushairi. Safari hii naomba niwapeleke kando kidogo, ingawa si mbali. Nataka tuhakiki kitu ambacho wengi wetu tunakichukulia kuwa ni mali ya wanahisabati na watu wa kompyuta, yaani ule utaratibu wa kuzisahihisha mashine zinazojibu maswali na kuzipa alama. Siku hizi ni kawaida kusikia kwamba mashine fulani imepata asilimia kadhaa katika mtihani wa kusoma na kuelewa, au kwamba imewashinda binadamu. Sasa mimi nauliza: alama hizo zimetolewa na nani, kwa mwongozo gani, na kilichopimwa ni nini hasa?

Swali hili ni letu. Kusoma matini na kujibu maswali juu yake ndiyo kazi iliyotuleta katika idara hii. Mtu akidai kwamba kuelewa hadithi kunapimika kwa tarakimu mbili tu, huyo ameingia shambani mwetu, na mwenye shamba hana budi kutoka nje aone anayelima ni nani.

Hoja yangu ni kwamba vipimo vingi vinavyotumika havipimi kuelewa. Vinapima kufanana kwa maneno. Katika maswali ya kutafuta jina au tarehe, pengo kati ya mambo hayo mawili ni dogo, na si haki kuvibeza vipimo hivyo. Lakini katika fasihi, na hasa katika Kiswahili, pengo hilo ni kubwa kiasi cha kumpa mkosaji alama na kumnyima aliyepatia. Nitajaribu kulionyesha jambo hili kwa hesabu, maana wenyewe wanapenda hesabu.

Kalamu nyekundu ilikotoka

Kusahihisha mashine si jambo la jana. Mwaka 1971 mfumo ulioitwa LUNAR, ulioongozwa na William Woods huko Marekani, uliwajibu wanajiolojia maswali kuhusu mawe yaliyoletwa kutoka mwezini. Kama asilimia 78 ya maswali yao yalijibiwa sawasawa, na makosa madogo madogo ya uandishi yaliporekebishwa ikafika karibu 90. Hapa aliyeuliza alikuwa ni mtu anayelitaka jibu kwa kazi yake, tena bingwa wa fani hiyo. Jibu lisipofaa, anajua papo hapo.

Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, kupitia mkutano wake wa TREC, ilianzisha mashindano ya mifumo ya kujibu maswali. Maswali yalikuwa 200. Kila mfumo uliruhusiwa kutoa majibu matano kwa kila swali, yakiwa yamepangwa kwa nafasi. Jibu sahihi likiwa la kwanza, mfumo unapata 1. Likiwa la pili, nusu. La tatu, theluthi. Na kuendelea hivyo. Wasahihishaji walikuwa watu, nao walisoma kila jibu kwa macho yao.

Watu hao hawakukubaliana kila mara, na hilo waandaaji hawakulificha. Mmoja alikubali jina la ukoo peke yake, mwingine akataka jina kamili. Kisa kinachonivutia zaidi ni swali lililouliza Taj Mahal iko wapi. Wakati huo palikuwapo pia jumba la kamari lenye jina hilo katika mji wa Atlantic City. Je, mfumo uliojibu Atlantic City umekosa? Ikaamuliwa kwamba umekosa, kwa sababu muulizaji wa kawaida anakusudia lile kaburi maarufu la Agra, India. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini tuuite kwa jina lake: ule ulikuwa ni uhakiki. Msahihishaji alitafsiri nia ya muulizaji, akazingatia muktadha, ndipo akatoa hukumu. Hakuna aliyehesabu maneno pale.

Kuhesabu maneno kulishika kasi baadaye, maswali yalipokuwa mengi mno kwa macho ya watu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa mkusanyiko unaoitwa SQuAD, wenye maswali zaidi ya 100,000 yaliyotungwa juu ya makala 536 za Wikipedia. Kila jibu ni kipande kilichokatwa kutoka katika aya yenyewe. Vipimo ni viwili. Cha kwanza kinadai jibu lilingane na la mwongozo neno kwa neno, baada ya kuondoa alama za uandishi na vijineno vichache vya Kiingereza visivyo na uzito. Cha pili, kiitwacho F1, kinatazama maneno yaliyomo katika majibu yote mawili: sehemu gani ya jibu la mashine imo katika mwongozo, na sehemu gani ya mwongozo imo katika jibu la mashine, kisha hesabu hizo mbili zinaunganishwa kuwa moja. Mpangilio wa maneno haujalishi, wala maana.

Mnamo Januari 2018 mifumo ya Alibaba na Microsoft ikapata alama kidogo juu ya 82.3 katika kipimo cha kwanza, na 82.3 ndiyo iliyokuwa alama ya binadamu. Magazeti yakapiga yowe kwamba mashine sasa inasoma kuliko mtu. Tusidanganyane. Hiyo alama ya binadamu ilipatikana kwa kuchukua jibu la mtu mmoja na kulilinganisha na majibu ya wenzake. Alama alizopoteza hazikuwa za kutokuelewa. Watafiti wenyewe walieleza kwamba mara nyingi watu walitofautiana kwa urefu wa kipande tu, huyu ameongeza neno la ziada, yule ameliacha. Kwa hiyo iliyowashinda watu ilikuwa ni mashine iliyojifunza kukata kipande pale ambapo wengi wanakata. Ni ustadi, sikatai, lakini si kusoma.

Ushahidi wa hilo ulikwisha kutolewa mwaka mmoja kabla. Mwaka 2017 Robin Jia na Percy Liang walichukua aya za SQuAD wakaongeza mwishoni mwa kila aya sentensi moja inayofanana na swali lakini isiyobadilisha jibu. Msomaji yeyote makini angeipita tu. Wastani wa F1 wa mifumo kumi na sita waliyoipima ulianguka kutoka asilimia 75 hadi 36. Sentensi moja tu, bwana!

Baba yake na babake

Sasa tuje nyumbani. Tuchukue riwaya ambayo wengi wetu tumeisoma, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Tuulize swali jepesi kabisa: nani alimpiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles? Tuseme mwongozo una jibu hili: "baba yake".

Mashine ya kwanza inajibu: "babake". Kila Mswahili anajua kwamba hilo ni jibu lilelile, limeunganishwa tu kama tunavyoliunganisha mdomoni kila siku. Kwa kipimo cha F1 mashine hii imepata sifuri, kwa sababu "babake" si neno "baba" wala si neno "yake". Mashine ya pili inajibu: "Zakaria". Sifuri tena, ingawa ndiye yeye. Mashine ya tatu inajibu: "mama yake". Huyo ni Regina, na jibu ni kosa tupu. Lakini neno "yake" limo katika mwongozo! Nusu ya jibu lake imo katika mwongozo, na nusu ya mwongozo imo katika jibu lake. F1 yake ni 0.5. Kumbe aliyekosa amepata hamsini, na waliopatia wametoka na yai.

Wenzetu wa kompyuta watasema mwongozo mmoja hautoshi, na kwamba hata SQuAD katika sehemu ya majaribio ina majibu ya watu watatu au zaidi kwa kila swali, na mashine inahesabiwa lile linaloipa alama nyingi. Ni kweli. Tukiongeza "babake" na "Zakaria" katika mwongozo, mashine hizo mbili zitaokoka. Lakini ile ya tatu haitapunguziwa hata chembe. Hamsini yake iko palepale. Na nani atakaa aorodheshe nduguye na ndugu yake, mwanawe na mwana wake, mkewe na mke wake, mamaye, mamake na mama yake? Lugha yetu inaambatanisha. Neno moja la Kiswahili, kama vile "alivyomlea", linabeba mtenda, wakati, namna na mtendwa. Kipimo kinachodhani kwamba kila neno ni tofali moja kimetungwa kwa nyumba ya aina nyingine.

Jambo hili si la kufikirika tu. Mwaka 2020 Google ilitoa mkusanyiko wa TyDi QA wenye lugha kumi na moja, Kiswahili kikiwamo. Nitoe sifa panapostahili: maswali yake yaliulizwa moja kwa moja katika kila lugha, bila kutafsiriwa, tena na watu wasiojua jibu, jambo linaloturudisha kwa wale wanajiolojia wa 1971. Lakini katika mojawapo ya majaribio yake, lile linalompa msomaji aya moja iliyo na jibu, vipimo vilikuwa vilevile vya SQuAD. Kithai na Kijapani viliondolewa humo kwa sababu haviachi nafasi kati ya maneno. Kiswahili kikabaki, maana sisi tunaacha nafasi. Ilitosha.

Pale mashine ilipolazimika kunakili kipande kutoka katika aya, madhara hayakuwa makubwa: aya ikisema "baba yake", mashine nayo itanakili "baba yake". Lakini mashine za leo hazinakili tu, zinatunga jibu kwa maneno yao. Hapo ndipo rula ile inapogeuka fimbo.

Kuna na saa. Mtu akiuliza kwa Kiswahili mkutano ulianza saa ngapi, na jibu ni saa mbili asubuhi, mashine iliyozoea saa za Kizungu inaweza kujibu "saa nane asubuhi". Maneno mawili kati ya matatu ni sawa, kwa hiyo F1 ni karibu 0.67. Anayeifuata atafika mkutanoni watu wakiwa wameshaondoka. Na hiyo ndiyo mashine iliyofaulu!

Nani alimuua Rosa?

Hadi hapa nimezungumzia maswali yenye jibu moja. Sasa tuingie katika fasihi yenyewe. Mwishoni mwa riwaya Rosa anajiua. Swali: nani alimuua Rosa?

Jibu la mkato ni kwamba alijiua mwenyewe. Msomaji aliyeishia hapo amesoma sentensi, riwaya bado. Wapo wanaosema aliyemuua ni Zakaria kwa malezi yake ya fimbo na ulevi. Wapo wanaomtaja Charles, aliyemkataa alipotambua kwamba si bikira. Wapo wanaosema ni jamii nzima, inayomdai msichana usafi isiomdai mvulana. Na wapo wanaosisitiza kwamba Rosa mwenyewe alichagua njia yake, na kumnyima lawama ni kumnyima utu. Binafsi naegemea upande wa malezi, lakini kila mara ninapoirudia riwaya hii nakuta hoja ya mwisho inanisumbua.

Tuseme mtunga mwongozo naye ameegemea kwangu, akaandika: "malezi ya baba yake". Mashine moja inajibu: "mapenzi ya baba yake". Maneno matatu kati ya manne yamelingana. F1 ni 0.75, yaani daraja la juu kabisa, na maana imepinduliwa chini juu. Nyingine inajibu: "namna Zakaria alivyomlea". Hilo ndilo jibu la mwongozo kwa maneno mengine. Limepata sifuri.

Mtaniambia kwamba huu ni mfano wangu mwenyewe na kwamba hakuna anayepima fasihi hivyo. Yupo. Mnamo Desemba 2017 watafiti wa DeepMind na wenzao walitoa NarrativeQA, mkusanyiko wa hadithi 1,567, yaani vitabu na miswada ya filamu, wenye maswali 46,765. Nia yao ilikuwa njema, tena waliieleza wazi: walitaka maswali yanayodai kuelewa hadithi nzima, si kuokota sentensi. Lakini angalieni walivyofanya. Waliotunga maswali hawakusoma vitabu vyenyewe. Walisoma muhtasari wa kila hadithi. Na vipimo vya kusahihishia vilikuwa BLEU, kilichobuniwa mwaka 2002 kwa ajili ya tafsiri za mashine, ROUGE, kilichobuniwa mwaka 2004 kwa ajili ya muhtasari, pamoja na METEOR, ambacho nacho kilitoka katika tafsiri. Mbili za kwanza zinahesabu maneno yanayofanana. Ya tatu inajaribu kutambua visawe, lakini bado inalinganisha neno na neno.

Sisi tunamjua vizuri mwanafunzi wa namna hii. Ni yule anayeingia kwenye mtihani wa fasihi akiwa amesoma kijitabu cha mwongozo badala ya riwaya. Anajua wahusika, anajua dhamira kuu na ndogo, anajua matumizi ya tamathali kwa orodha. Muulize kwa nini mwandishi alichagua kumaliza pale alipomaliza, atakutazama. Hapa mtunga swali, msahihishaji na mtahiniwa wote wameshika kijitabu. Riwaya imelala rafuni.

Hakimu naye mashine

Tangu mwaka 2023 umeenea utaratibu mwingine: mashine kubwa ya lugha inapewa swali, mwongozo na jibu, kisha inaulizwa kama jibu ni sahihi. Ni hatua mbele, lazima tukubali. Hakimu wa namna hiyo ana uwezo wa kutambua kwamba "babake" na "baba yake" ni kitu kimoja. Lakini utafiti uliotolewa mwaka huohuo wa 2023 ulionyesha kwamba mahakimu hao wana mapendeleo: huvutwa na jibu refu hata lisipoongeza kitu, huathiriwa na jibu lililotangulia kusomwa, na kuna dalili za kupendelea majibu yanayofanana na ya kwao. Basi tumetoka kwa hakimu kiziwi tumeenda kwa hakimu mwenye ndugu mahakamani.

Kwa Kiswahili kuna la ziada. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyiko wa AfriQA wa lugha kumi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, ambamo swali linaulizwa kwa lugha ya Kiafrika na jibu linatafutwa katika makala za Kiingereza au Kifaransa, kwa sababu maandishi ya lugha zetu kwenye Wikipedia ni machache. Sababu ninaielewa. Lakini tuone maana yake: swali letu linajibiwa kutoka katika kabati la wengine, na usahihi wa jibu unapimwa kwa kilichomo humo. Jambo letu lisipokuwamo kabatini, halina jibu.

Hoja ya upande wa pili

Si haki kumaliza bila kuwasikia wanaotetea vipimo hivi. Wanasema kwanza kwamba hakuna mtu awezaye kusoma majibu laki moja kila mashine inapobadilishwa kidogo. Pili, wana ushahidi: Ellen Voorhees, aliyesimamia mashindano ya TREC, alionyesha kwamba ingawa wasahihishaji walitofautiana juu ya jibu hili au lile, orodha ya mifumo kutoka wa kwanza hadi wa mwisho haikubadilika sana. Kwa hiyo, wanasema, rula hata ikiwa imepinda, imewapindia wote.

Ninaikubali hoja hii kwa kiasi chake. Kama kazi ni kupanga nani wa kwanza na nani wa pili, rula iliyopinda inaweza kutosha. Lakini kupanga si kupima. Mwanafunzi wa kwanza darasani anaweza kuwa hajaelewa kitabu. Tena utulivu ule ulipatikana kwa wasahihishaji watu, na kwa maswali mafupi ya ukweli. Hauwezi kubebwa hivihivi ukapelekwa kwa Rosa.

Hitimisho

Mababu zetu walikuwa na mtihani wao wa maswali na majibu: kitendawili. Nyumba yangu haina mlango; jibu ni yai. Kitendawili kina jibu lake, na anayeshindwa hutoa mji. Maswali ya tarehe na majina ni ndugu wa kitendawili. Yapimwe kwa ukali huo, sina ugomvi. Tena kitendawili kinaturuhusu kusema tumeshindwa na kulipa gharama yake. SQuAD ya pili, ya mwaka 2018, iliyoongeza maswali zaidi ya 50,000 yasiyo na jibu ndani ya aya, iliipa alama mashine inayojua kunyamaza. Hilo ni jema.

Lakini riwaya si kitendawili. Kwa maswali ya fasihi napendekeza mambo matatu. Kwanza, alama zitolewe kwa jibu pamoja na ushahidi wake kutoka katika matini. Anayesema Zakaria aonyeshe ukurasa. Pili, mwongozo uandikwe na watu waliosoma kitabu chote, nao waruhusiwe kutokubaliana kwa maandishi, na kutokubaliana kwao kusifutwe kwa wastani. Tatu, Kiswahili kipimwe na wajuzi wa Kiswahili kabla ya kuaminiwa tarakimu yoyote. Kazi hiyo ni yetu sisi wa idara hii, na tusipoifanya itafanywa na asiyejua tofauti ya saa mbili na saa nane.

Na kwa walimu wetu nina neno moja, kwa heshima. Nimewashambulia wanaohesabu maneno, lakini mtihani unaotuambia tutoe hoja sita, kila hoja alama mbili, alama itolewe neno la mwongozo likionekana, una tofauti gani na F1? Tukizoeshwa kujibu hivyo, siku mashine itakapotushinda tusishangae. Itakuwa imetushinda katika mchezo ambao sisi wenyewe tuliukubali kuwa ndio kusoma.